Anayeona Ndani ya Vichwa na Haruhusiwi Kusema

Asubuhi hii Kavetsa amevaa sweta mbili. Chumba anachofanyia kazi hakina dirisha, na mtambo wa kupoza hewa unavuma kutwa nzima, si kwa starehe yake bali kwa sababu kompyuta ikipata joto inagoma. Ameketi wima mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani. Anaandika neno fupi, anaacha nafasi, anaandika namba ya mgonjwa, anaacha nafasi tena, kisha namba ya picha. Anabonyeza. Anangoja.

Kioo kinaingia giza. Halafu, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, ubongo wa mtu unaanza kujichora.

"Huyu ni mzee wa Riruta," anasema bila kugeuka. "Yuko hapo nje na fimbo yake. Bila shaka mmesalimiana."

Ni kweli. Mzee huyo ndiye aliyesogea kwenye benchi ili mwandishi apate pa kukaa, akauliza habari za nyumbani, akacheka. Sasa ubongo wake uko hapa kiooni, na yeye yuko kule nje akingoja kuambiwa kama anaweza kwenda kunywa chai.

Bridgit Kavetsa ana umri wa miaka thelathini na minne. Kwa karibu miaka mitano amekuwa akiita picha za ubongo kwenye kompyuta ya kituo kimoja cha kibinafsi hapa Nairobi, ambacho hatutakitaja. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine katika chumba cha pili. Mashine humpiga picha za kichwa kipande kwa kipande, tuseme mkate unaokatwa silesi, ila hapa hakuna kisu wala damu. Silesi hizo huhifadhiwa kwenye tepu, na zisipoitwa hukaa humo kimya.

Kuziita ndiyo kazi ya Kavetsa.

"Watu wanafikiria ni kama televisheni, unawasha tu na picha hiyo," anasema. "Hii haina kitu cha kufinya uone. Ni maneno. Lazima ujue amri zote kwa kichwa. Ukikosea herufi moja inakuambia haijui unataka nini, na haikuambii umekosea wapi."

Picha ikitoka mara ya kwanza huwa ya kijivu tupu, uji wa wimbi usio na kitu ndani. Kavetsa huandika namba mbili za kupandisha na kushusha mwanga. Kuna namba zinazofanya fuvu ling'ae na ubongo uzame gizani. Kuna nyingine zinazouondoa mfupa ili ubongo ujitokeze na mikunjo yake yote. Akiridhika anazituma silesi zote kwenye filamu kubwa nyeusi, ambayo daktari huja kuisoma alasiri na kuiandikia ripoti.

Hapo kazi yake imekwisha. Na hapo ndipo taabu zake huanzia.

Kavetsa alizaliwa Vihiga, Maragoli, akaja Nairobi kusomea uchapaji. Alipanga Kibera kwa miaka mingi, chumba kimoja ukutani kwa ukuta na familia ya seremala mmoja kutoka Kimilili. Alipopata kazi hii alihamia Kabiro, Kawangware, kwenye ploti ya Mama Wagaki, ambaye familia yake ilikuwa ikilima viazi hapo kabla ya mabati kufika. Ana binti wawili shuleni. Baba yao alijiendea zake zamani na Kavetsa hamzungumzii.

Kazi aliipata kwa vidole vyake. Kituo kilikuwa kimenunua mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, na fundi aliyekuja kuiunganisha alitaka mtu anayeandika haraka bila kukosea. Walijaribiwa wachapaji kadhaa. Yeye peke yake ndiye ambaye hakukosea. Fundi alimfundisha amri kwa muda wa wiki moja, akapanda ndege.

"Aliniambia nisiogope, ni maneno tu," Kavetsa anakumbuka. "Hakuniambia nitakuwa nikiona vifo vya majirani zangu kabla wao wenyewe hawajavijua."

Hakusomea udaktari wala hajidai daktari. Lakini macho yana tabia ya kujifunza hata bila ruhusa. Alasiri baada ya alasiri ameketi nyuma ya daktari akimsikia akisoma filamu kwa sauti ya chini: hii ni uvimbe, hii ni damu, hii imekwisha sambaa, hii wataitoa na mtu atarudi shambani kwake. Mtu akisikia hayo kwa miaka atajua, apende asipende.

Sheria ya kituo ni moja na haina mlango wa nyuma. Mwenye kuita picha hasemi kitu. Si kwa mgonjwa, si kwa ndugu, si kanisani, si sokoni. Anayesema ni daktari, kwa maandishi, na ripoti huchukua siku mbili tatu kutoka.

Bwana Kabiru, msimamizi wa kituo, ana sababu zake, na si za kijinga. "Zamani mfanyakazi wetu mmoja alimwambia mama fulani kwamba mtoto wake yuko sawa," alisema tulipozungumza naye. "Alitaka tu kumpa moyo. Mtoto hakuwa sawa. Yule mama alikaa nyumbani miezi akiwa ametulia. Mimi si mtu mbaya. Lakini tangu siku hiyo nilisema, hapa mdomo ni wa daktari peke yake."

Sasa mpe sheria hiyo mtu anayeishi Kawangware.

Kule Kabiro na kule Kibera kila mtu anamjua Kavetsa. Wanamwita Mama Vichwa. Wagonjwa wa mitaa hiyo wanaobahatika kufika kwenye mashine, kwa mchango wa kanisa au wa watu wa kwao, wanamkuta yeye amefika kabla yao. Na jioni akirudi nyumbani anawakuta ndugu zao mlangoni. Hawamuulizi ni ugonjwa gani. Swali lao ni moja tu, na kila Mluhya anayesoma makala haya analijua hata kabla hatujaliandika.

Tumpeleke nyumbani?

Mgonjwa akiwa bado anaweza kuketi, anasafiri kwa basi kwa nauli ya mtu wa kawaida. Akishakata roho Nairobi, kuna mochari, kuna jeneza, kuna gari la kukodi hadi Kimilili au Butere, na kuna mikutano ya mchango kila jioni hadi watu wa mtaa waanze kupita njia nyingine. Isitoshe, kwa watu wa Mkoa wa Magharibi, mtu hafii kwenye chumba cha kupanga akiwa na boma la babake. Afadhali awaone wazee, aonyeshwe mahali pake, alale akisikia kuku wa kwao. Kwa hivyo familia zinabahatisha. Zinamtazama mgonjwa usoni na kukisia kama bado kuna muda.

"Mtu anakushika mkono, anakuambia, siz, wewe umeona, tuambie tu ndiyo au la," anasema Kavetsa. "Unamwambia ngojeni ripoti. Anakutazama hivi. Unafunga mlango, na huwezi kula."

Alichoweza kufanya alikifanya. Picha ikiwa mbaya, ile ya kumfanya daktari avue miwani, Kavetsa alikwenda kumwona mgonjwa nyumbani kwake jioni. Hakusema lolote la picha. Alibeba kikapu chenye sukari na majani ya chai, maana mamake alimfundisha kwamba nyumba yenye mgonjwa ina wageni wengi na sukari haikai. Aliketi, akaomba, akarudi zake.

Alifanya hivyo kwa mwashi mmoja wa Gatwekera, Kibera. Alifanya hivyo kwa mama muuza mboga wa soko la Kawangware 56, na kwa mwalimu mmoja wa shule ya chekechea, na kwa wengine. Wote walikufa.

Na watu wana macho. Sukari na majani ya chai ndivyo vitu tunavyobeba kwenda matangani. Kwa mgonjwa tunabeba mkate, maziwa, machungwa. Hakuna aliyeitisha mkutano kulijadili jambo hilo, ila ilifika mahali ikajulikana Kabiro nzima na nusu ya Kibera kwamba Mama Vichwa akikujia na kikapu, tafuta tiketi ya basi la kwenu.

"Sisi wote tulijua," anasema Mama Wagaki, mwenye ploti, akiwa ameketi kwenye kibaraza chake. "Akitoka na ile kiondo, wanawake hapa wanaulizana, leo ni kwa nani? Hata mimi nilidhani anajua. Nilidhani ndiyo njia yake ya kusema bila kusema. Nilikuwa nampenda sana kwa hiyo akili."

Kavetsa hakujua. Hilo ndilo la kusikitisha katika habari hii yote, na mwandishi amelirudia kwa watu kadhaa akitafuta mmoja aliyewahi kumwambia. Hakumpata.

Morris Nyongesa ndiye yule seremala wa Kimilili, jirani wa zamani ukutani kwa ukuta. Alikuwa na karakana ya vitanda kando ya barabara ya Makina, Kibera, na vitanda vyake havikuwa vya kulialia usiku, kama alivyopenda kujisifu. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1996 boriti iliteleza ikamgonga kichwani. Alikaa chini, akasugua, akaendelea kupiga randa. Wiki kadhaa baadaye kichwa kilianza kumuuma asubuhi. Kisha akawa anaangusha misumari. Kisha akamwita mkewe Nabwire kwa jina la dadake.

Kanisa lilichanga. Morris akalazwa kwenye mashine, na Kavetsa akaingia kwenye chumba chake cha baridi kuita kichwa cha mtu aliyemtengenezea kitanda anacholalia.

"Nilikosea amri," anasema. "Nikaandika tena. Ikaanza kushuka. Nilikuwa naomba mstari kwa mstari."

Upande mmoja, kati ya fuvu na ubongo, palikuwa na kitu cha umbo la mwezi mchanga. Ilikuwa damu ya zamani iliyojikusanya ikausukuma ubongo kando. Kavetsa alishawahi kuona nyingine za namna hiyo na kumsikia daktari akizisoma kwa sauti nyepesi. Wanatoboa tundu kwenye fuvu, damu inatoka, na mtu anaamka akiuliza chakula. Alasiri ile daktari alisema hivyo hivyo, akaandika hivyo hivyo, akaongeza kwamba isicheleweshwe. Aliahidi hata kumpigia simu mwenzake wa hospitali kubwa ili Morris apate kitanda wiki inayofuata.

Kavetsa alitoka kazini akiwa mwepesi. Katika miaka yote ya kuona picha za majirani, hii ilikuwa ya kwanza kumpa furaha. Hakuweza kusema, lakini nani angemkataza kwenda kuwasalimu? Alipitia dukani, akajaza kikapu kama alivyozoea, akaenda Kibera jua likiwa bado juu ya mabati.

Tuliyoyasikia kutoka kwa Nabwire kuhusu jioni ile ni haya.

"Nilikuwa naosha vyombo mlangoni. Nikaona Kavetsa anakuja na kikapu. Nikasema moyoni, apite, aende kwa mtu mwingine. Hakupita. Akaingia kwangu, akatoa sukari akaweka mezani. Nikapiga nduru."

Kavetsa aliisikia nduru hiyo, akaona machozi, akadhani ni uchovu wa siku nyingi unaotoka. Alimkumbatia. Alimwambia Mungu ni mwema. Alimwambia asijali, ajipe moyo, yote yatapita. Msomaji na ayasome tena maneno hayo akiwa amekaa mahali pa Nabwire.

Morris alikuwa ameegemea ukuta. Aliitazama sukari, akaitazama kwa muda mrefu.

"Alisema, basi, nipelekeni nikiwa bado natembea," Nabwire anasimulia.

Kesho yake Morris aligawa vifaa. Randa kubwa alimpa mdogo wake Elvis, misumeno akampa jirani wa karakana. Siku iliyofuata walipanda basi la Kitale kwenda kwao Kimilili, yeye na Nabwire na watoto, na shuka moja ya kumfunika. Ripoti ya daktari ilikuwa imetoka asubuhi hiyo hiyo. Hakuna aliyekwenda kuichukua. Ya nini tena?

Jumapili Kavetsa alikutana na Elvis kwenye soko la 56, amebeba randa begani.

"Nikamuuliza, niaje Elvis, brathako ameshapewa siku ya kulazwa?" anasema. "Akanishangaa. Akasema, kulazwa wapi na tulishampeleka ocha, nyumbani? Nikamuuliza kwa nini. Akasema, si ni wewe ulituonyesha?"

Elvis, kijana mrefu asiye na maneno mengi, anakiri alimkasirikia kwanza. "Nilidhani ananichezea. Nikamwambia, madam, ulikam na sukari. Kila mtu anajua maana ya hiyo sukari. Nikaona uso wake umebadilika, akakaa hapo chini kwa vumbi, katikati ya watu na nyanya zao."

Pale chini, mbele ya wauza nyanya, Kavetsa alivunja sheria ya kituo kwa mara ya kwanza. Alimwambia Elvis kila kitu. Elvis alikimbia kutafuta simu. Karibu na kwao Kimilili hakuna simu ila ya duka moja la mwenye kinu cha kusagia. Ujumbe ulifika jioni ile ile: mrudisheni, ugonjwa huu unatibika.

Jibu lilirudi Jumatatu, na lilitoka kwa wazee. Mgonjwa amefika kwao. Ameona watu wake. Hospitali za Nairobi zinapenda pesa, na tunajua mtu wa mjini akishapewa kitu kidogo atasema lolote. Kama kweli Kavetsa ana neno, aje alisemee hapa.

Kavetsa alikwenda kwa Bwana Kabiru kuomba ruhusa. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine anayezijua zile amri. Aliwahi kuomba apewe mtu wa kufundisha, akaambiwa hakuna mshahara wa watu wawili. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, wengine wametoka Machakos na Nyeri, na bila yeye tepu zingekaa tu. Kabiru alimwomba angoje hadi Jumatano foleni ipungue.

"Nilingoja," anasema. "Ningeweza kutoka tu. Mlango haukuwa umefungwa. Jumatatu na Jumanne nikaita vichwa vya watu wengine, na kila picha ikishuka naona ule mwezi, hata pale haupo."

Aliondoka Jumatano kwa basi la jioni. Alipofika Kimilili asubuhi, na kushika njia ya miguu kuelekea bomani, alikuta turubai limeshafungwa na wanawake wanachota maji. Morris alikuwa amekata kauli Jumanne, akalala usingizi ambao hakuna aliyeweza kumwamsha, na Jumatano mchana akafa.

Kavetsa alikaa hadi mazishi. Na hapa pana jambo ambalo limemtesa kuliko kifo chenyewe. Kwenye matanga ya kule kila aliyemfaa marehemu huitwa asimame na kusema. Wakaitwa mafundi wenzake. Wakaitwa watu wa kanisa. Kisha baba mkubwa wa Morris, mzee mwenye sauti, akaita: yuko wapi binti wa Maragoli, yule aliyetuambia mapema?

Wazee waliokuwa wamesema anapenda pesa za hospitali walikuwa wamebadili mawazo. Mtoto wao alikufa kweli, tena upesi. Kwa hiyo sukari ilikuwa ya kweli, na ile simu ilikuwa ya kuwababaisha tu, labda alilazimishwa na wakubwa wake. Walimpigia makofi. Mamake Morris alimshika mikono yote miwili na kumshukuru, kwamba kwa sababu yake mwanawe alilala siku zake za mwisho nyumbani kwa mamake.

"Walinishukuru," Kavetsa anasema. Analia sasa, na hajifichi. "Ningesema nini? Ningemwambia yule mama, pale kaburini, kwamba mtoto wake angepona? Nikasema poleni. Nikasema Morris alikuwa mtu mzuri. Nikakaa."

Mama Wagaki ndiye aliyemleta mwandishi kwa Kavetsa, wiki moja baada ya mazishi, akitumaini gazeti litamsifu mpangaji wake. Kavetsa alikubali kuzungumza, akasimulia yote kama tulivyoyaandika, lakini akaweka sharti moja. Makala yasitoke kabla hajakwenda Kibera kumwambia Nabwire mwenyewe.

Alikwenda Jumapili iliyopita. Mwandishi hakuwapo, ila amezungumza na wanawake wote wawili, kila mmoja peke yake, na masimulizi yao hayatofautiani.

Nabwire alikuwa amerudi kufunga chumba, kwa kuwa hataweza kukilipia tena. Kavetsa alimweleza kuhusu umbo la mwezi mchanga, kuhusu tundu kwenye fuvu, kuhusu kitanda kilichokuwa kikitafutwa. Alieleza kwamba siku ile alikuja na furaha. Nabwire aliendelea kukunja nguo za watoto hadi akamaliza rundo lote.

"Nilimuuliza, kwa hivyo siku hiyo ulijua?" Nabwire anasema. "Akasema, nilijua. Nikamuuliza, kama ungesema neno moja tu, ungefanywa nini? Akasema, ningefutwa kazi."

Nabwire anaeleza alichomjibu.

"Nikamwambia, basi ungefutwa."

Hakumfukuza. Hakumwekea chai pia. Alichukua mzigo mmoja, Kavetsa akachukua mwingine, wakaibeba hadi kituo cha mabasi, na Nabwire akapanda na watoto wake.

Kurudi kazini Jumatatu kulikuwa na kibarua kingine. Kompyuta ya Kavetsa haina nafasi kubwa, na picha za zamani hufutwa ili mpya ziingie. Ilikuwa zamu ya namba ya Morris. Aliandika amri ya kufuta. Mashine, kama inavyofanya kila mara, ikamuuliza kama ana hakika. Kwa kawaida hujibu bila hata kusoma. Safari hii alitoka nje, akanawa uso, akarudi akajibu ndiyo.

Baadaye siku hiyo hiyo alimwendea Bwana Kabiru na kumwambia anachokusudia. Kuanzia sasa, ndugu wa mgonjwa wakimuuliza, atawajibu. Hatajifanya daktari. Atawaambia kitu kimoja tu, kama ni picha ya kungoja ripoti au ni picha ya kufunga safari. Wakidanganyika, wadanganyike kwa maneno aliyoyatamka kwa mdomo wake.

Kabiru alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa upole kwamba atamwaga unga. Alimkumbusha kuhusu mabinti. Mshahara wa Kavetsa ni shilingi elfu saba kwa mwezi, na kuna wachapaji wengi mjini wanaoutamani, hata kama itabidi fundi aitwe tena kutoka Ulaya.

"Najua atanifuta," anasema Kavetsa. "Hata yeye hataki, lakini atanifuta. Nimeshaongea na mwenye chuo cha taipu pale Riruta, amesema huenda akanipa darasa la jioni. Huenda. Sijui. Ninaogopa sana, andika hivyo, usiniandike kama shujaa."

Aliulizwa kama jina lake libadilishwe gazetini, kama ilivyo desturi mtu akihatarisha kazi yake. Jina la kubandika lilikuwa limeshaandaliwa.

Alikataa.

"Andika Bridgit Kavetsa, wa Kabiro, ploti ya Wagaki, mlango wa nne," alisema. "Mtu wa Kibera akija kuniuliza, asipotee njia."